Kuwa na Imani, kwa Maana Zote Mbili

Konda wa daladala alimshusha mzee mmoja kabla ya kituo chake kwa sababu nauli ilipungua shilingi mia mbili, na mvua ilikuwa inanyesha. Mama mmoja aliyekaa nyuma ya dereva akapaza sauti: "Wewe kijana huna imani kabisa!" Gari zima likaitikia. Hakuna aliyemuuliza konda anasali kanisa gani, au kama anasali. Kila abiria alielewa kinachosemwa.

Neno lile halijanitoka, kwa kuwa kila Jumamosi asubuhi nafundisha darasa la kipaimara, na humo darasani imani huwa kitu kingine: mistari ya kukariri kabla ya siku ya kubarikiwa. Kijana akiisema Imani ya Mitume tangu mwanzo hadi amina bila kugugumia, tunampigia makofi na kumwekea alama ya vema. Yule mama angetushangaa. Kwake imani ni ile inayomzuia mtu kumwacha mzee kwenye mvua.

Na Kiswahili kiko upande wake. Imani, amani, amana na uaminifu ni watoto wa shina moja la Kiarabu. Wenzetu Wakatoliki wanaosema "Nasadiki" nao hawajatoka mbali: kusadiki na sadaka ni ndugu wa damu. Anayesadiki na anayetoa wanakutana kwenye mzizi mmoja, hata kama kanisani tumewatenganisha, mmoja kwenye kitabu cha liturgia na mwingine kwenye kapu.

Ushauri wangu kwako, ndugu msomaji unayetaka kuelewa unachokikiri na kukiishi, ni mmoja tu. Ukikutana na fundisho kubwa katika Biblia, usikimbilie kulikariri. Uliza kwanza lilitumwa kutatua jambo gani. Katika Maandiko ni nadra fundisho kuja peke yake. Huja limefuatana na ugomvi, deni, msiba, njaa, au ujira wa kibarua.

Chukua Waraka kwa Wafilipi, sura ya 2. Hapo Paulo anasema jambo zito kuliko yote tunayoyakiri kuhusu Kristo: kwamba alikuwa sawa na Mungu, akajishusha, akawa mtumwa, akafa msalabani, akatukuzwa juu ya kila jina. Mwaka 325 maaskofu walikusanyika Nisea, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, kushughulikia mafundisho ya Ario, kasisi wa Aleksandria aliyesema kwamba Mwana aliumbwa, na palikuwa na wakati ambapo hakuwapo. Walikataa. Mabishano yaliendelea miongo mingi baada ya mkutano ule, na mistari ya Wafilipi ilisomwa tena na tena. Lakini Paulo hakuiandika kwa ajili ya mkutano wa maaskofu. Rudi nyuma mistari michache, uone anawasihi watu waache kushindana na kujitafutia sifa. Kisha nenda sura ya 4 mstari wa 2: kumbe kuna kina mama wawili, Euodia na Sintike, watenda kazi hodari wa Injili, na hawaelewani. Fundisho kuu la Umwilisho liliandikwa kwa watu waliokuwa na ugomvi wa aina inayoweza kutokea katika kamati yoyote ya akina mama, au katika kwaya yoyote iliyogawanyika kwa sababu ya sare.

Sisemi kwamba Nisea haikuwa na maana. Ilikuwa nayo, tena kubwa. Kama Ario angekuwa sahihi, aliyejishusha ni mjumbe, na mwenye enzi alibaki kwenye kiti chake akituma watu. Tunafahamu wakubwa wa namna hiyo. Kanisa lilikiri kwamba Mungu hakutuma mtu mwingine avuliwe nguo mahali pake. Ukilishika hilo, ile hoja yako kwamba wewe ni mwenyekiti na yeye ndiye aanze kuja kukuomba radhi inakosa pa kusimama.

Mfano wa pili nauona mtamu zaidi, maana sisi watu wa Afrika Mashariki tumelelewa kwenye michango. Katika 2 Wakorintho 8:9 Paulo anasema kwamba Kristo aliyekuwa tajiri alikubali kuwa maskini ili wengine watajirike. Ukiutazama mstari huo peke yake, utadhani ni wimbo wa Krismasi. Usome pamoja na sura nzima: ni barua ya kukumbushia ahadi ya mchango! Wakorintho waliahidi kuchangia maskini wa Yerusalemu, mwaka ukapita, fedha hazijakamilika, wakati Wamakedonia waliokuwa hohehahe walikwisha kutoa. Na mistari kama kumi mbele, Paulo anaeleza kwamba fedha hizo hatazibeba peke yake. Kuna ndugu aliyechaguliwa na makanisa kusafiri naye, ili asiwepo wa kumnyooshea kidole. Umwilisho wa Mwana wa Mungu na utaratibu wa mweka hazina viko kwenye ukurasa mmoja. Kwa hiyo ukikuta usharika unaohubiri ule mstari wa 9 kila mwaka na hausomi taarifa ya mapato na matumizi hata mara moja, jua kwamba wameufunga ukurasa mapema.

Sasa namna ya kufanya. Nunua daftari. Andika Imani ya Mitume, mstari mmoja juu ya kila ukurasa, halafu kaa na mstari mmoja kwa wiki nzima. Usiogope kwamba ni maneno ya watu. Si mitume walioketi wakaandika kila mmoja fungu lake, kama hadithi ya zamani ilivyodai. Ni maneno yaliyokua taratibu kutokana na maswali waliyoulizwa waliokuwa wanabatizwa. Ni muhtasari wa Biblia, na muhtasari unakuelekeza kwenye kitabu chenyewe. Tafuta sura ambayo mstari huo umetoka, uisome nzima, kwa sauti ukiweza. Barua za Paulo ziliandikwa kusomwa mbele ya watu, wala hazikuwa na namba za sura. Hizo ziliwekwa katika karne ya 13, na sehemu nyingine zinakata mazungumzo katikati kama mtu aliyeishiwa salio.

Utaona hilo katika 1 Wakorintho. Sura ya 15 ni ile ndefu ya ufufuo: Kristo alifufuka, akaonekana na Kefa, na wale kumi na wawili, na zaidi ya watu mia tano kwa mara moja, na wengi wao walikuwa bado hai wakati barua inaandikwa. Mauti imemezwa. Wakristo wengi husimama hapo na kusema amina. Barua yenyewe haisimami: mstari unaofuata, ambao sisi tunauita 16:1, unazungumzia changizo, na namna kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma. Paulo hakupumua kati ya ufufuo na mfuko wa sadaka.

Kuhusu tafsiri, usibishane sana. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, kazi ambayo Askofu Edward Steere alikuwa ameiongoza hadi kifo chake. Union Version ya mwaka 1952 ndiyo tuliyokariri wengi wetu, na sauti yake haijapata mpinzani. Lakini kama neno linakukwamisha, weka Habari Njema pembeni na uzilinganishe. Si dhambi kuelewa.

Na usisome peke yako siku zote. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa ukanda huu walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970. Makanisa mengine yana ibada za nyumba kwa nyumba. Tatizo la mikutano hii ni kwamba inaisha kwenye chai na matangazo. Muombe mwongozaji dakika kumi tu za swali lile: fundisho hili lilitumwa kutatua nini, na hapa mtaani kwetu jambo hilo liko kwa nani? Jiandae. Mara nyingi jibu limekaa kwenye kochi lilelile.

Tukirudi kwenye mistari ya Imani ya Mitume, Pontio Pilato nampitia haraka, ingawa vijana humuulizia kila mwaka: kwa nini mtu mbaya hivyo atajwe kila Jumapili? Kwa sababu anatupa tarehe. Alikuwa mtawala wa Uyahudi kati ya mwaka 26 na 36, na mwaka 1961 wachimbaji kule Kaisaria walikuta jiwe lenye jina lake. Imani yetu haikuanza na "hapo zamani za kale". Ilianza na "wakati wa uongozi wa fulani", kama Luka 3:1 inavyoorodhesha watawala wa wakati ule mmoja mmoja. Kwa maisha yetu maana yake ni kwamba Mkristo hana ruhusa ya kuyapuuza mambo ya watawala wa siku zake. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alikiri maneno hayohayo, kisha yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji. Mwezi Februari 1977 akauawa.

Ondoleo la dhambi ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa kuwa hapo ndipo tunapodanganyana zaidi. Fungua Mathayo 18, kuanzia mstari wa 21. Petro anaulizia idadi: nimsamehe ndugu yangu mara ngapi? Yesu anamjibu kwa hadithi ya madeni. Mtumwa mmoja alidaiwa talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa kama dinari elfu sita, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu: siku milioni 60 za kazi. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, atamaliza baada ya miaka laki mbili. Na maskini yule anamwambia mfalme amvumilie, atalipa yote! Wasikilizaji wa kwanza lazima walicheka. Mfalme akafuta deni zima. Mtumwa yule anatoka nje, anamkuta mwenzake aliyekopa kwake dinari mia, anamkaba koo.

Wahubiri wengi husema deni la pili lilikuwa dogo kama si kitu. Si kweli. Dinari mia ni ujira wa miezi mitatu na zaidi. Ukikopwa mshahara wa miezi mitatu kwenye kikoba, na mkopaji akazima simu, hutasema ni kitu kidogo. Yesu hakusema uliyotendewa ni madogo. Aliyaweka kando ya yale uliyosamehewa wewe, ndipo yakaonekana ukubwa wake halisi.

Ila hapa niseme jambo ambalo linanikera. Maneno haya ya msamaha yametumika kumrudisha mke kwa mume anayempiga, na kumnyamazisha mtoto aliyeharibiwa na ndugu wa familia. "Samehe, mwanangu, tusiaibike." Huko ni kuyageuza Maandiko kuwa kufuli. Sura hiyohiyo ya 18, kabla ya hadithi ya madeni, inatoa onyo kali juu ya anayemkosesha mmojawapo wa wadogo, na inaendelea na utaratibu wa kumkabili mkosaji, kwanza faraghani, kisha mbele ya mashahidi, kisha mbele ya kanisa. Luka 17:3 inataka mkosaji akemewe. Kusamehe ni kuachilia kisasi. Hakumzuii mtu kwenda polisi, wala hakumlazimishi kurudi kulala kwenye nyumba ya kipigo.

Na aliyekosa naye ana kazi. Zakayo hakuishia kujuta. Alisema atarudisha mara nne. Wazee wetu wa uamsho ule uliowaka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuenea hadi kwetu walijulikana kwa jambo hilo. Walioguswa walirudisha walichoiba, walilipa madeni ya zamani, walikwenda kuungama kwa waliowakosea, Waafrika kwa wamisionari na wamisionari kwa Waafrika. Siku hizi mtu anaokoka Jumapili, na aliyetapeliwa kiwanja na mtu huyohuyo bado anahangaika kwenye baraza la ardhi. Kama unataka mstari wa ondoleo la dhambi ushike maisha yako wiki hii, usianze na machozi. Anza na orodha ya unaowadai na wanaokudai, kwenye ukurasa uleule wa daftari.

Tukikiri ufufuo wa mwili, tunasema habari ya mwili huu huu, wenye malaria na presha na njaa. Mungu aliuumba, Mwana aliuvaa, Roho anakaa ndani yake, na siku ya mwisho utafufuliwa. Mahubiri yoyote yanayoudharau mwili yamekwisha kuiacha imani hiyo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya mia nne ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa kungewapeleka kwa Yesu. Watoto walikuwa miongoni mwao. Naandika hili kwa uchungu, na sitaki tujifariji kwamba walikuwa wajinga. Walikuwa watu waliotaka kumpendeza Mungu na hawakuwa na nafasi ya kumhoji mhubiri. Matendo 17:11 inawasifu watu wa Beroya kwa sababu walilisikiliza neno kwa hamu, kisha kila siku wakayachunguza Maandiko waone kama ndivyo yalivyo, na aliyewahubiria alikuwa Paulo. Kama Paulo alichunguzwa, nani awe juu ya kuchunguzwa? Mchungaji, nabii au mtume anayekasirika ukifungua Biblia kuhakiki alichosema, muage. Anayekukataza dawa za hospitali, muage haraka zaidi.

Ufufuo una mahali pengine pa kuuishi, nako ni matangani. Tunawaambia wafiwa wasilie, eti kulia ni kukosa tumaini. Soma Yohana 11 polepole. Yesu alijua kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka kaburini, na bado alilia. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba wasihuzunike kama wasio na tumaini, hakuwakataza huzuni. Ukienda msibani, keti. Mchotee mfiwa maji ya kunawa. Osha vyombo na akina mama. Maneno yaje baadaye, na yawe machache. Na rudi baada ya siku arobaini, wakati turubai limeshaondolewa, maana hapo ndipo upweke unapoanzia.

Nimeuacha mwisho mstari wa kwanza, ule wa Mungu Muumba wa mbingu na nchi, kwa kuwa ulinifedhehesha. Kwa miaka mingi niliufundisha kwa Mwanzo 1 na picha za wanyama. Mwaka mmoja binti wa darasani, mwenye umri wa miaka kumi na minne, aliusaka uumbaji kwenye sehemu nyingine za Biblia kama nilivyowaagiza, akaja na Kutoka 20. Akasoma amri ya Sabato, mstari wa 10 na wa 11, kisha akauliza, "Mwalimu, mbona hapa uumbaji umewekwa ili mtumwa na mjakazi wapumzike?" Nilitazama. Ndivyo ilivyo. Mungu aliumba kwa siku sita akapumzika, kwa hiyo mfanyakazi wako naye, na ng'ombe wako, na mgeni aliye kwako, wasifanye kazi. Kumbukumbu la Torati 5:14 inaongeza kwamba lengo ni mtumishi apumzike kama wewe. Kama wewe!

Nilirudi nyumbani nikamkuta dada wetu wa kazi amesimama jikoni. Alikuwa nasi mwaka wa tatu. Kila Jumapili, wakati mimi nimesimama kanisani nikimkiri Muumba kwa sauti kubwa, yeye alikuwa akimenya vitunguu swaumu vya pilau ya wageni wangu. Mshahara tulimlipa, tena kwa wakati, na hilo nilikuwa nalihesabu kuwa haki yangu mbele za Mungu. Siku ya kupumzika hakuwahi kuiomba, nasi hatukuwahi kuitaja.

Tulizungumza na mama watoto usiku ule, naye akasema alikuwa amelifikiria siku nyingi akaona nitabisha. Asubuhi tulimwambia dada kwamba Jumapili ni yake. Aliuliza mara mbili amekosa nini. Tukamhakikishia hajakosa.

Nilitazamia, nikiwa mwalimu, kwamba Jumapili ya kwanza angevaa vizuri na kuja kanisani. Alilala hadi saa sita mchana. Sisi tulipika wenyewe, na wali ukashika chini.